Nguzo na Pete: Historia ya Nguzo za Zege Katika Matetemeko ya Ardhi

Neno nguzo ni la kale katika Kiswahili, na maana yake haikubadilika sana tangu zama za nyumba za miti na makuti hata zama za maghorofa. Nguzo ni kile kisimamacho na kubeba. Paa huegemea nguzo, dari huegemea nguzo. Na hata mambo yasiyoonekana kwa macho, kama dini, husemwa ya kuwa yana nguzo zake. Katika matumizi hayo yote fikira ni moja: uzito hushuka kutoka juu, nguzo huupokea, na ardhi iliyotulia huupumzisha. Fikira hiyo hiyo ndiyo waliyokuwa nayo wahandisi wa Ulaya na Amerika walipoanza kujenga kwa zege lenye nondo mwishoni mwa karne ya 19. Haikuwa fikira ya uongo. Lakini ilikuwa nusu ya kweli, na ile nusu nyingine iliyosahauliwa ilikuja kudai roho za watu wengi, kwa kuwa ardhi haikutulia kila mahali wala siku zote.

Makala haya yafuata habari za nusu hiyo iliyosahauliwa: jinsi ilivyojulikana, jinsi ilivyopuuzwa, na kwa nini majengo yaliyojengwa kabla ya kukumbukwa kwake yangali yakikaliwa na watu hata leo.

Yafaa kwanza kueleza nguzo ya zege imeundwaje. Ndani yake husimamishwa nondo ndefu, nne au zaidi, kutoka chini hadi juu. Nondo hizo huzungukwa na vyuma vyembamba vilivyokunjwa, ambavyo mafundi wa Tanzania huviita ringi, na ambavyo kwa neno la zamani zaidi vyaweza kuitwa pete. Kisha zege la saruji, mchanga na kokoto humwagwa katikati ya mbao za kufinyangia, likakauka na kuficha kila kitu. Mtu apitaye nje haoni ila jiwe moja la mraba au la duara. Nguzo mbili zaweza kufanana kwa unene, kwa urefu na kwa rangi, na moja ikawa na pete kila baada ya sentimita 10, na ya pili kila baada ya sentimita 40. Katika siku za utulivu nguzo hizo mbili hazina tofauti yoyote. Siku ya tetemeko, moja yaweza kusimama na nyingine ikaanguka.

Sababu yake si ngumu kufahamika. Zege ni imara sana likikandamizwa, lakini ni dhaifu likivutwa. Jengo linapotikiswa kwa upande, nguzo hupindwa huku na huku, na zege la nje hupasuka na kubambuka. Hapo nondo ndefu hubaki wazi. Kama pete ziko karibu karibu, huzishika nondo zisipinde kwenda nje, na hulibana zege la ndani lisimomonyoke. Nguzo hujeruhiwa, lakini huendelea kubeba. Kama pete ziko mbali mbali, au kama ncha zake hazikukunjwa kuingia ndani ya kiini cha nguzo, hufunguka. Nondo hupinda kama mabua, na zege hugeuka kifusi. Kuna na njia nyingine ya kuvunjika, ambayo ni ya ghafla zaidi: ufa wa mshazari hukata nguzo kutoka pembe moja hadi nyingine, na pasipo pete za kutosha za kuushona ufa ule, vipande viwili huteleza na kuachana. Hivyo pete ambayo yaonekana kuwa kitu kidogo cha kushikilia nondo wakati wa kumwaga zege, kwa kweli ndiyo iamuayo kama nguzo itanyumbuka au itakatika.

Jambo la ajabu katika historia hii ni kwamba nguvu ya pete ilijulikana mapema sana. Mfaransa François Hennebique alipata hataza ya namna yake ya kujenga kwa zege lenye nondo mwaka 1892, na muda mfupi baadaye namna hiyo ilienea katika nchi nyingi. Miaka kumi tu baadaye, mhandisi mwingine wa Ufaransa, Armand Considère, alionyesha kwa majaribio ya kwamba zege lililozungushiwa chuma mfululizo, kama kamba izungushwavyo kwenye mti, hustahimili mkandamizo mkubwa kuliko zege lisilofungwa, na hufupika pakubwa kabla ya kuvunjika. Mwishoni mwa miaka ya 1920, katika Chuo Kikuu cha Illinois, Richart, Brandtzaeg na Brown walilipima jambo hilo kwa uangalifu na kuliweka katika hesabu. Basi elimu ilikuwapo. Lakini ilitumiwa kwa kusudi la kuongeza uzito ambao nguzo yaweza kubeba. Wajenzi wengi waliona kwamba nguzo ya mraba yenye pete chache ni rahisi na nafuu zaidi, na kwa uzito wa kawaida yatosha. Kwa kusudi walilokuwa nalo, walikuwa na haki.

Matetemeko ya kwanza yaliyokutana na zege hayakuwatia shaka. Huko California, tarehe 18 Aprili 1906, jumba la makumbusho la Leland Stanford Junior lilitikiswa pamoja na nchi nzima ya jirani. Sehemu yake ya kati, iliyojengwa kwa zege lenye chuma na Ernest Ransome, ilisimama. Sehemu za matofali zilizoongezwa baadaye zilibomoka. Mafunzo yaliyotolewa yalikuwa mepesi: tofali lina hatari, zege lina salama. Tarehe 28 Desemba 1908 mji wa Messina nchini Italia uliangamia, pamoja na makumi ya maelfu ya watu wake, na tume ya wahandisi ikapendekeza jambo jipya. Ilisema kwamba kila jengo lihesabiwe kana kwamba lasukumwa kwa upande na nguvu iliyo sehemu fulani ya uzito wake: sehemu ya 12 kwa ghorofa ya chini, na sehemu ya 8 kwa zile za juu. Kwa mara ya kwanza nusu ya pili ya kweli iliandikwa kwa tarakimu.

Wajapani walikwenda mbele katika njia hiyo. Tetemeko la Kanto la tarehe 1 Septemba 1923, pamoja na moto uliofuata, liliua watu wapatao 100,000 katika Tokyo, Yokohama na nchi za jirani. Katikati ya maangamizi hayo, jengo la benki lililochorwa na Naito Tachu, lenye mifupa ya chuma iliyofunikwa kwa zege na kuta imara za zege, lilibaki karibu zima. Mwaka uliofuata, sheria ya Japani iliamuru majengo yahesabiwe kwa nguvu ya upande iliyo sehemu ya kumi ya uzito wake. Huko California, baada ya tetemeko la Long Beach la tarehe 10 Machi 1933 kubomoa shule nyingi za matofali, sheria iitwayo Field Act ilitungwa mwaka huo huo ili shule zijengwe chini ya usimamizi mkali.

Sheria hizo ziliokoa wengi, na si haki kuzidharau. Lakini zote ziliuliza swali moja: jengo listahimili nguvu kiasi gani? Hazikuuliza swali la pili, ambalo ni kubwa zaidi: nguvu ikizidi kiasi hicho, jengo litavunjika kwa namna gani? Kwani tetemeko halifungwi na tarakimu ya sheria. Ikiwa hesabu ni sehemu ya kumi ya uzito na ardhi ikaleta mara nne ya hiyo, nguzo haina budi kupita mpaka wa nguvu zake. Na zaidi ya mpaka huo kilichobaki si nguvu tena bali unyumbufu. Mtu akisukumwa kwa ghafla huokoka kwa kukunja magoti, wala si kwa ugumu wa miguu yake.

Swali hilo la pili halikupata jibu lililoandikwa kwa ukamilifu hata mwaka 1961, wakati John Blume, Nathan Newmark na Leo Corning walipotoa kitabu juu ya majengo ya ghorofa nyingi ya zege na mwendo wa matetemeko. Humo walieleza jinsi zege laweza kufanywa linyumbuke, na pete zikapewa cheo chake. Lakini vitabu husafiri polepole kuliko mashine za kuchanganyia zege. Miaka ishirini na mitano baada ya Vita Kuu ya Pili ilikuwa miaka ya ujenzi mkubwa duniani: hospitali, mahoteli, maofisi, nyumba za kupanga. Katika Marekani kanuni za kawaida ziliruhusu pete ziachane kwa sentimita 30, na pengine 45. Maelfu ya majengo yalijengwa hivyo, na wajenzi wake hawakuvunja sheria yoyote.

Onyo la kwanza lilitoka Japani. Tarehe 16 Mei 1968 tetemeko la Tokachi-oki lilivunja majengo ya zege kaskazini mwa nchi hiyo, zikiwamo shule, ambayo yalijengwa kwa kufuata sheria. Nguzo zilizovunjika vibaya zilikuwa zile fupi. Mahali ambapo ukuta mfupi ulijengwa chini ya madirisha, sehemu ya nguzo iliyobaki huru ilikuwa fupi na ngumu. Ikavuta kwake nguvu nyingi kuliko nguzo ndefu, ikapasuka kwa mshazari. Ukuta uliowekwa kwa kuzuia upepo na mvua uligeuka kuwa sababu ya kukatika kwa nguzo. Mwaka 1971 kanuni za Japani zilibadilishwa, na nafasi baina ya pete, iliyoruhusiwa zamani kufika sentimita 30, ikapunguzwa kuwa sentimita 10 kwenye ncha za nguzo.

Mwaka huo huo, tarehe 9 Februari, kiasi cha saa 12 ya asubuhi, tetemeko lilipiga bonde la San Fernando karibu na Los Angeles. Lilikuwa la kipimo cha 6.6, ambacho si kikubwa mno katika orodha ya matetemeko ya dunia. Hospitali ya Olive View ilikuwa imefunguliwa miezi michache tu kabla yake, nayo iligharimu dola milioni 25 hivi. Haikuwa jengo la kale wala la ovyo. Ilikuwa fahari ya wilaya. Jengo lake kubwa lilikuwa la ghorofa sita. Katika ghorofa za juu lilikuwa na kuta ngumu za zege, lakini chini kuta hizo hazikushuka hadi ardhini, na uzito wote ukaachiwa nguzo. Jengo lilipotikiswa, sehemu ya juu ilikwenda kwa pamoja kama sanduku, na ghorofa ya chini peke yake ikalipa deni lote. Minara mitatu ya ngazi kati ya minne ilianguka mbali na jengo. Jengo dogo la karibu, lililokuwa na ghorofa mbili, lilipoteza ghorofa yake ya chini kabisa, na ile ya juu ikakaa juu ya ardhi. Ni saa ile ya alfajiri tu iliyofanya pasiwe na watu chini yake.

Hata hivyo jengo kubwa halikuanguka, na sababu yake ndiyo iliyobadili historia. Nguzo zake hazikuwa za namna moja. Nyingi zilizungushiwa chuma mfululizo kwa namna ya Considère, na chache za pembeni zilikuwa na pete za kawaida zilizoachana. Zile za pembeni zilisagika. Zile zilizozungushiwa chuma zilibambuka ganda la nje, zikainama kando kwa kiasi cha kutisha, lakini kiini chake kilibaki kimefungwa, nazo ziliendelea kubeba ghorofa tano zilizo juu yake. Ilikuwa kana kwamba mtihani umefanywa makusudi: jengo moja, tetemeko moja, nguzo za namna mbili, na majibu mawili. Yaliyojulikana katika maabara tangu 1902 yalionekana sasa kwa macho, na hapakuwa tena na nafasi ya kubisha. Hospitali ilibomolewa, na kanuni za ujenzi za California na za Marekani nzima ziliandikwa upya katika miaka ya 1970. Huko New Zealand, Robert Park na Thomas Paulay walikwenda mbele zaidi wakasema kwamba mchoraji achague mwenyewe ni wapi jengo litajeruhiwa, na achague boriti kabla ya nguzo. Kwani boriti ikijeruhiwa huharibu chumba, bali nguzo ikivunjika huangusha nyumba.

Uthibitisho zaidi haukukawia. Tarehe 15 Oktoba 1979, jengo la ofisi za wilaya huko El Centro, California, lililojengwa kwa kanuni za kabla ya 1971, lilivunjika nguzo za ghorofa ya chini upande mmoja. Jengo hilo lilikuwa limefungwa vyombo vya kupimia mtikisiko, na kwa hiyo wataalamu waliweza kufuata maangamizi yake karibu sekunde kwa sekunde. Tarehe 19 Septemba 1985 ukaja msiba wa mji wa Mexico. Kitovu cha tetemeko kilikuwa mbali, zaidi ya kilomita 300, lakini udongo laini wa ziwa la kale ambalo mji umejengwa juu yake ulipokea mawimbi na kuyakuza. Majengo ya kimo cha kati yaliyumba kwa mwendo ule ule wa udongo, mara nyingi mfululizo, na nguzo zenye pete haba hazikuweza kuvumilia marudio hayo.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo lenyewe. Sheria ya ujenzi ina tabia moja, nayo ni kwamba hutazama mbele. Humwamuru ajengaye kesho. Haimgusi aliyejenga jana. Kanuni za 1971 na za miaka iliyofuata zilizifanya nguzo mpya kuwa salama, lakini hazikuongeza pete hata moja ndani ya nguzo zilizokwisha kukauka. Wahenga walisema: samaki mkunje angali mbichi. Zege nalo lina saa yake ya kukunjwa, na saa hiyo ikipita, mwenye nyumba hubaki na alichonacho. Tarehe 17 Januari 1994, tetemeko la Northridge lilipiga tena kaskazini mwa Los Angeles. Hoteli moja ya ghorofa saba huko Van Nuys, iliyojengwa mwaka 1966, ambayo ilistahimili tetemeko la 1971 bila madhara makubwa, safari hii ilikatika nguzo za ghorofa ya nne kwa nyufa za mshazari. Lililookoka mara moja halikuwa limethibitishwa kuwa salama. Lilikuwa limepewa muda tu.

Mwaka mmoja baadaye, siku ile ile ya mwezi, Kobe ilitikiswa, na watu zaidi ya 6,400 walikufa. Wengi wao walikuwa katika nyumba za mbao, lakini hesabu ya majengo ya zege ilionyesha jambo bayana: yaliyojengwa baada ya kanuni mpya za 1981 yalisimama kwa jumla, na yaliyoanguka mengi yalikuwa ya kabla yake. Katika jengo moja la halmashauri ya mji, lililojengwa mwaka 1957, ghorofa ya sita ilipondeka yote na nyingine zikabaki juu yake na chini yake. Japani ikatunga sheria mwaka huo huo wa 1995 ya kuhimiza majengo ya zamani yaimarishwe.

Kuimarisha kwawezekana. Nguzo ya zamani huvikwa koti la chuma, au la zege jipya lenye pete, au hufungwa kwa vitambaa vya nyuzi za kaboni vilivyogandishwa kwa gundi. Pengine kuta mpya hujengwa ili zipokee nguvu badala ya nguzo. Zote ni njia za kurudisha kwa nje ile pete iliyosahauliwa ndani. Shida si ufundi, bali gharama na nani aibebe. Mwenye jengo husema kwamba alijenga au alinunua kwa kufuata sheria. Mpangaji husema kwamba kodi ikipanda hana pa kwenda. Na serikali ya mji huogopa wote wawili. Mji wa Los Angeles ulipokata shauri mwaka 2015 kuwalazimisha wenye majengo ya zege ya kabla ya 1977 wayaimarishe, ulikuwa umepita muda wa miaka 44 tangu Olive View, na sheria iliwapa wenyewe miaka 25 tena ya kutimiza. Baina ya kujua na kutenda palikuwa na umri wa binadamu mzima.

Wala tarehe ya kanuni peke yake haitoshi kuwa kinga. Huko Christchurch, New Zealand, nchi ya Park na Paulay wenyewe, jengo la CTV liliporomoka tarehe 22 Februari 2011 na kuua watu 115. Lilijengwa mwaka 1986, nao uchunguzi ulionyesha kwamba chuma cha kuzungushia nguzo zake kiliachana kwa milimita 250. Uturuki ilikuwa na kanuni nzuri tangu 1975, lakini katika matetemeko ya Agosti 1999 na ya tarehe 6 Februari 2023, ambayo ya mwisho yaliua watu zaidi ya 50,000 katika nchi hiyo, vifusi vilionyesha tena na tena nondo laini zisizo na mikunjo, pete chache, na zege hafifu. Neno lililoandikwa katika kanuni halijawa chuma mpaka fundi aliweke, na msimamizi alitazame kabla zege halijamwagwa.

Afrika ya Mashariki si mgeni wa habari hizi. Bonde la Ufa lapita katikati yake, na tetemeko la tarehe 13 Desemba 1910 katika nchi ya Rukwa lahesabiwa miongoni mwa makubwa kabisa yaliyopimwa barani Afrika katika karne ya 20. Wakati huo nchi ile haikuwa na maghorofa ya zege ya kuangushwa. Tetemeko la Kagera la tarehe 10 Septemba 2016, la kipimo cha 5.9, lilibomoa hasa nyumba za matofali na za udongo, na kuharibu shule. Lakini miji yazidi kupanda juu kwa nguzo za zege, na kila nguzo imwagwayo leo itakuwa nguzo ya zamani baada ya miaka arobaini.

Historia ya nguzo hizi, basi, si historia ya ujinga. Considère alijua, wa Illinois walipima, Blume na wenzake waliandika, na Olive View ikaonyesha hadharani. Ni historia ya kitu kidogo kilichofichika ndani ya kitu kikubwa, ambacho uchache wake hauonekani katika siku za amani. Nguzo hupewa sifa kwa kubeba. Lakini kinachoifanya iendelee kubeba wakati ardhi inapoondoka chini yake ni pete, ambayo hakuna apitaye njiani anayeiona.